Dakika za Boksi

Wifi yangu alisimama ndani ya ukumbi wa sinema, filamu inaendelea, watu wamejaa hadi mlangoni, akasema kwa sauti kubwa, "Siendi." Neno moja tu. Mume wangu akaangusha boksi. Na mimi, niliyejiona ndiye mjuzi wa kila kilichokuwa kikipikwa, nikagundua kwamba sikujua lolote.

Lakini nimekimbilia mwisho. Ngoja nianze na boksi lenyewe, maana asiyejua habari zake atatuona sote wendawazimu.

Mji wetu ni mdogo kiasi kwamba ukipiga chafya sokoni, utakuta pole zimekutangulia nyumbani. Starehe yetu ni moja: filamu ya Jumamosi alasiri, ndani ya lililokuwa ghala la mbegu, madirisha yamezibwa kwa magunia. Filamu ni za kigeni, na lugha yake hakuna anayeijua. Kwa hiyo pembeni mwa skrini limetundikwa pazia zito, na nyuma ya pazia hukaa mtu na kipaza sauti, anatusimulia kila kinachosemwa kutoka kwenye karatasi zinazokuja na filamu. Anaigiza sauti za wanaume, za wanawake, za watoto, hata za farasi. Huyo tunamwita Spika.

Sasa filamu za kigeni mnazijua. Watu wake hawakai nusu saa bila kushikana. Mume wangu ni bwana afya wa mji, ndiye anayekagua mabucha, mifereji na vyoo, na hata mimi mkewe namwita Bwana Afya. Yeye aliona kushikana huko ni uchafu kama uchafu mwingine, na uchafu ni kazi yake. Akachukua boksi la sabuni, akalikata ubavu mmoja, akajiwekea kiti karibu na projekta, katikati ya ukumbi. Wapenzi wakianza tu kusogeleana, Bwana Afya anaweka boksi mbele ya lenzi. Ukumbi unakuwa giza. Na ili watu wasianze kuwaza yanayoendelea nyuma ya boksi, Spika alitakiwa kujaza muda huo kwa maneno ya heshima.

"Habari za nyumbani?" angesema kwa sauti ya mwanamume. "Nyumbani hawajambo," angejibu kwa sauti ya mwanamke. "Na mbegu mwaka huu bei gani?"

Tulikuwa tukicheka mpaka machozi. Wakati huo tuliuita dakika za boksi. Hata mitaani, ukimwona kijana amesimama na binti kwenye kona, unamtania, "Vipi, mmefikia bei ya mbegu?"

Spika huyo, mchana wa siku za kazi, ni msoma mita wa idara ya maji. Anapita uani kwa watu na tochi yake, anafunua kifuniko cha mita, anaandika, anaondoka. Na hasemi. Si kwamba hataki. Ana kigugumizi kibaya, kigugumizi cha kukaza shingo na kufumba macho. Nyuma ya pazia, kwa sauti za watu wengine, maneno yanamtiririka kama bomba lililopasuka. Akitoka pale mbele, akitaka kusema lake mwenyewe, basi.

Na sisi watu wa mji huu hatuna subira. Spika akifungua mdomo, mtu anammalizia. Aliwahi kwenda kwa Mama Duka kununua sukari, Mama Duka akamtazama midomo akamwambia, "Sabuni, sivyo? Ya kufulia?" Spika akahangaika kidogo, akachoka, akatikisa kichwa kukubali. Akarudi kwake na sabuni akanywa chai chungu. Kisa hicho Mama Duka mwenyewe hukisimulia, tena kwa majivuno, kuonyesha jinsi anavyomsaidia.

Mimi pia ningemmalizia kama wengine. Siku alipokuja uani kwetu akajaribu kuniambia jambo, nilikuwa naanika nguo na mdomo wangu umejaa vibanio. Mikono imeshika shuka lililolowa, siwezi kuvitoa. Nikasimama namtazama. Alichukua muda, jamani. Alikaza shingo, akafumba macho, akaanza, akarudi, akaanza tena, na mimi nipo tu na vibanio vyangu kama ng'ombe anayecheua. Mwishowe akamaliza: bomba la nyuma ya mita linavuja, tuite fundi. Nikatikisa kichwa. Akanitazama vile mtu anavyomtazama aliyemwopoa mtoni, akaenda zake. Nilicheka peke yangu nikaendelea kuanika. Kitu gani kingine ningefanya?

Wifi yangu ndiye mdogo wa Bwana Afya, dada yake wa pekee. Anashona sare za shule kwenye chumba cha mbele, cherehani yake ipo chini ya dirisha linaloangalia uani. Ni mzuri wa sura, mpole, kimya kama maji ya mtungi. Ameshavuka ule umri ambao watu huuliza utaolewa lini, amefikia ule ambao hawaulizi tena. Wachumba walikuja. Kaka yake aliwakagua wote, na sitanii nikisema alikagua. Mmoja alinuka tumbaku. Mwingine alikuwa na kucha ndefu. Wa mwisho, mwalimu wa watu, mtaratibu, Bwana Afya alikwenda mpaka kwake, akaomba kujisaidia, akarudi akasema choo hakina mfuniko. Ndoa ikaishia hapo. Wifi hakulia. Alikanyaga cherehani usiku kucha.

Na mimi? Nina mume, nashukuru. Mume asiyelewa, asiyepiga, asiyekopa. Akirudi kazini ananieleza mifereji. Akilala ananigeuzia mgongo msafi. Niliwahi kukata nywele zangu zote, nikakaa nazo hivyo wiki mbili, na alichokuja kusema ni kwamba kichwa kilichonyolewa hakishiki chawa. Nilicheka pia siku hiyo. Mimi hucheka sana.

Basi ikawa mwezi ule nilichoka na pazia la bluu la chumba cha mbele. Nikanunua kitambaa cha manjano, wifi akakishona, nikakitundika. Bwana Afya aliuliza kama kimefuliwa kwa maji ya moto.

Jumamosi yake tukaenda sinema, mimi na wifi, viti vyetu vya siku zote vya nyuma kabisa. Filamu ilikuwa ya mke wa mkuu wa stesheni na mfamasia. Wakasogeleana. Boksi likapanda. Giza. Watu wakaanza kucheka kabla ya wakati, wakingoja mbegu. Spika akasema, taratibu, kwa sauti ambayo haikuwa ya mfamasia:

"Umelitoa lile pazia la bluu. Hili la manjano limeiamsha nyumba nzima. Napita nje, natamani kubisha hodi."

Nilihisi kama mtu amenimwagia maji ya barafu mgongoni. Mfamasia gani huyu? Kwenye filamu ile hakukuwa na pazia hata moja! Nikamshika wifi mkono. Watu wakaguna kidogo, mbegu hazikutajwa, lakini boksi likashuka na hadithi ikaendelea. Kule mbele mume wangu alikuwa ameridhika. Nyumbani alisema, "Leo maneno yalikuwa na faida. Mwanga wa jua unaua vijidudu."

Mimi nilimvuta wifi jikoni. "Wewe! Umesikia?"

"Nimesikia."

"Pazia umelishona wewe. Dirisha ni lako, cherehani yako ipo palepale. Kila akija kusoma mita anakuona. Wifi, umependwa!"

Alinitazama kwa muda mrefu. Nilidhani ni haya. "Unafikiri hivyo?" akasema.

"Sifikiri, najua! Kumbe yule kimya kimya yule!"

Kuanzia hapo sikuishi, nilingoja Jumamosi. Kwa ajili ya wifi, nilijiambia. Wiki iliyofuata, kwenye giza la boksi, Spika akasema, "Ule wimbo wa kwenye kamba ya nguo, mbona unaukatisha kila siku kabla ya mwisho? Nasimama nyuma ya ukuta nikingoja umalizike." Moyo ulinidunda mpaka nikaona aibu. Uani kwetu tunaimba wote wawili, na wimbo hukatishwa na kikohozi cha Bwana Afya getini, kwa hiyo sikuona la ajabu. Nilimfinya wifi paja. Yeye hakunifinya. Siku hiyohiyo tulipofika nyumbani akaniomba kitambaa changu chekundu cha kichwani, kile ninachokipenda. Nikampa kwa mikono miwili. Apendeze, maskini, apendeze na yeye.

Hakunirudishia. Alikivaa kila siku.

Na ajabu ni kwamba mji mzima ulikuwa unasikia. Mabibi, vijana, Mama Duka na karanga zake. Wote walidhani ni filamu, wakasifu, wakasema siku hizi wageni wanaandika maneno matamu. Hata Bwana Afya alishika boksi lake kwa mkono usiotikisika, akiufichia mji mapenzi ya kwenye picha, huku mapenzi mengine yanapita juu ya kichwa chake kwenye spika mbili kubwa.

Kisha baba mkubwa wao akafiwa na mkewe. Anakaa mbali, mzee, mgonjwa, hawezi kuteremka kitandani peke yake. Bwana Afya hakumwita mtu kwenye kikao. Alikunja kijiko chake ndani ya leso baada ya kula, akamwambia dada yake, "Jumatatu utakwenda kumtunza baba mkubwa. Cherehani utaikuta huko, yake ya zamani ipo."

"Mpaka lini, kaka?" wifi akauliza.

"Mpaka hapo atakapohitaji."

Tulijua maana yake. Angetoka kule akiwa bibi kizee, kama angetoka. Nilimkabili mume wangu chumbani, nikamwambia huo ni ukatili, akanijibu kwamba mtu asiye na familia ndiye mwenye nafasi. Nilitamani kumrushia kiatu. Nilikitupa, ila ukutani.

Jumamosi ya mwisho tukaenda. Wifi alifunga kile kitambaa chekundu, akajipaka mafuta, akakaa ameshikilia kiti cha mbele yake kama aliye ndani ya gari bovu. Habari za safari yake mji wote ulishazijua. Niliomba kimoyomoyo, Spika, sema kitu, mwokoe. Ilikuwa sehemu ya pili ya filamu ile ya kwanza: mke wa mkuu wa stesheni akakimbia kwenye mvua. Mfamasia akamfuata. Boksi likapanda.

Tulisikia Spika anavuta pumzi kwenye kipaza sauti.

"Kuanzia Jumatatu nyumba ile itakuwa kimya," akasema, "na wewe ndani yake. Sijui utaongea na nani. Wote wananimalizia maneno isipokuwa wewe. Sema neno moja tu leo, nami nitakusikiliza mpaka umalize."

Nilishangaa kidogo, na wewe ndani yake? Si anaondoka? Nikadhani amechanganya maneno kwa huzuni. Kabla sijawaza zaidi, kiti cha pembeni yangu kililia, wifi akawa amesimama.

"Siendi."

Boksi likaanguka. Mwanga ukatoka wote kwa mara moja, na kwa mara ya kwanza katika maisha ya ukumbi ule mji ukaona busu. Kubwa, ukuta mzima, kwenye mvua. Hakuna aliyelitazama. Walikuwa wamegeuka nyuma wanamtazama wifi yangu, kitambaa chekundu kinawaka kwenye mwanga wa skrini.

"Unasema na nani?" Bwana Afya akauliza. Sijawahi kusikia sauti yake ikiwa nyembamba vile.

"Namjibu aliyeniuliza," wifi akasema, akanyoosha kidole kwenye pazia zito. "Pazia la manjano ni la kwetu, kaka. Kamba ya nguo ni ya kwetu. Wiki zote hizi ulikuwa unamshikia boksi anitongoze."

Mungu wangu! Nilidhani paa litaanguka. Watu walishika vichwa, wengine midomo. Mzee mmoja alisema "Haa!" akabaki nayo hivyohivyo. Kwenye spika mbili zile kubwa tulisikia mtu anahema. Kisha pazia likasogea, na Spika akatoka, na sare yake ya idara ya maji, uso umelowa jasho, mfamasia na mpenzi wake bado wanabusiana mgongoni mwake.

Hakumtazama wifi.

Alinitazama mimi. Niligeuka nyuma kuona anamtazama nani. Nyuma yangu palikuwa na ukuta.

Hapo ndipo yote yaliponifikia, pamoja, kama sahani zinazodondoka. Pazia nililitundika mimi. Wimbo ule, kikohozi kikisikika getini, anayeukatisha ni mimi; wifi huendelea mpaka mwisho. Kitambaa kile chekundu ni changu. Na asiyemmalizia maneno ni mimi, mimi niliyekuwa na vibanio mdomoni! Nilishtuka, halafu, na hili ndilo lililonitisha kuliko yote, chini ya ule mshtuko nilisikia furaha. Furaha ya wazi kabisa. Kumbe kuna mtu aliliona pazia.

Spika akafungua mdomo. Akakaza shingo. Akafumba macho, akayafumbua, akanitazama tena. Haikutoka sauti hata kidogo, taya tu linatetemeka. Aliinua mkono kuwaomba watu wangoje.

"Anasema anamtaka!" Mama Duka akapiga kelele.

"Anamtaka! Anataka kuoa!" wengine wakadakia. "Mwacheni amchukue! Hongera, bwana!" Wakaanza kupiga makofi, makofi ya watu waliotoka kwenye hofu, na akina mama wakapiga vigelegele.

Alitikisa kichwa kukataa, kidogo, na wakadhani ni kigugumizi. Akazidi kunitazama. Alichotaka ni kitu kimoja: niwanyamazishe. Niseme tu, jamani, mwacheni amalize. Kando yangu wifi alikuwa bado amesimama, na akikanushwa sasa, mbele ya mji wote, Jumatatu ni baba mkubwa mpaka kufa, tena na aibu juu yake. Pembeni ya projekta mume wangu alikuwa anatutazama. Na safari hii mdomoni mwangu hapakuwa na kibanio hata kimoja.

Niliangalia magoti yangu.

Nilipoinua macho, Spika alikuwa anatikisa kichwa kukubali, taratibu, kama alivyoikubali sabuni.

Bwana Afya alikuja mpaka mbele akiwa na boksi lake mkononi. Mji mzima unamtazama, na yeye anajua fedheha ya namna hii haina dawa nyingine isipokuwa harusi. Akajikohoza. "Choo chako," akasema, "kina mfuniko?"

Watu walicheka mpaka wakashikana. Spika akatikisa kichwa tena.

Jioni ile, tukiosha vyombo, sikuweza kumtazama wifi. Yeye ndiye aliyeanza. Alifungua kile kitambaa chekundu, akakikunja vizuri, akakiweka mbele yangu juu ya sahani safi.

"Nilijua tangu pazia, wifi," akasema.

Bakuli liliniponyoka likavunjika. "Ulijua nini?"

"Nilishona mimi, lakini aliyekuwa dirishani akilitundika siku ile Spika anapita ni wewe. Nilimwona anavyokutazama. Alisahau hata mita."

"Sasa ulisimama ya nini? Mbele ya watu wote wale?"

"Ningekwenda kwa baba mkubwa." Aliokota vipande vya bakuli kimoja kimoja. "Wewe una wako. Mimi nilichukua tu kile ambacho hukukitaka."

Nilitaka kusema. Neno lilifika hapa kooni, nikaona uso wake, ule uso uliokanyaga cherehani usiku kucha, nikacheka. Nimeshawaambia, mimi hucheka sana.

Harusi imepangwa baada ya mavuno. Filamu zinaendelea, boksi limerudi kwenye kazi yake, na kwenye giza Spika hutusomea bei ya mbegu, sahihi kabisa, za kila aina. Watu wanalalamika kwamba wageni wameacha kuandika maneno matamu.

Wiki iliyopita alikuja kusoma mita. Nilikuwa naanika mashuka. Alifunua kifuniko, akaandika, akafunika, lakini hakuondoka. Alisimama upande wa pili wa kamba, akakaza shingo, akafumba macho, akaanza. Niliacha kila kitu. Nilimtazama, nikamngoja. Ningengoja mpaka jua lizame.

"Anaomba maji ya kunywa, wifi," sauti ikatoka dirishani, nyuma ya pazia la manjano. "Mletee shemeji yako maji."

Alifumbua macho. Akatikisa kichwa kukubali.

Nikamletea maji. Akayanywa yote, akanirudishia kikombe kwa mikono miwili, akaenda zake. Nikatia vibanio mdomoni, nikaendelea kuanika.